Domo la Bata: Saksafoni na Maisha ya Mpigaji Wake

Wengi wenu mmeisikia sauti yake hata kama hamjapata kukiona chombo chenyewe. Jioni, mtu apitapo penye maduka ya Igoma, kando ya barabara iendayo Musoma, aghalabu husikia redio ikicheza nyimbo za zamani za dansi; na mwimbaji akiisha kumaliza beti zake hutoka sauti nzito, yenye mkwaruzo kidogo, mfano wa mtu mzima asemaye kwa pua na kifua pamoja. Si gita, wala si tarumbeta. Ni saksafoni, ambayo watu wetu, kwa kuitazama ilivyopinda shingo na kupanuka kinywa, wameiita domo la bata.

Tumechagua habari hii kwa sababu vijana wa shule, na hata walimu wanafunzi, hutuuliza mara kwa mara: mtu awezaje kuwa mpigaji wa chombo hiki, na je, anunue chake mwenyewe, ama aingie katika bendi iliyo nacho? Waulizao hudhani kwamba haya ni maswali mawili mbalimbali. Sisi twaona kuwa ni moja, maana katika nchi yetu maisha ya mpiga saksafoni yameongozwa zaidi na jambo hili, yaani chombo ni cha nani, kuliko na wepesi wa vidole vyake.

Kwanza asili yake. Vyombo vingi vya muziki havina mvumbuzi ajulikanaye. Hakuna awezaye kutuambia ni nani aliyewamba ngoma ya kwanza. Saksafoni si hivyo. Ilibuniwa na mtu mmoja, Adolphe Sax, aliyezaliwa mwaka 1814 katika mji wa Dinant, Ubelgiji, ukingoni mwa mto Meuse. Baba yake alikuwa fundi wa vyombo vya muziki, na mtoto akakulia karakanani. Mwaka 1842 alihamia Paris. Mwaka 1845 jeshi la Ufaransa lilikubali vyombo vyake viingie katika bendi za askari, na mwaka 1846 serikali ikampa hati ya kuulinda uvumbuzi wa saksafoni. Mafundi wenziwe wa Paris walimwonea wivu, wakamshitaki miaka mingi. Akafilisika zaidi ya mara moja, akafa mwaka 1894 akiwa maskini. Yakumbukeni haya mawili: kwamba chombo hiki kilikulia jeshini, na kwamba aliyekibuni hakukifaidi. Tutayakuta tena huku kwetu.

Sasa tukikague chombo chenyewe. Mwili wake ni bomba la shaba iliyochanganywa na zinki, na kwa hiyo mtu hudhani kwamba ni ndugu ya tarumbeta. Sivyo. Mpiga tarumbeta hutetemesha midomo yake mwenyewe. Mpiga saksafoni hutetemesha ulimi wa tete. Ndugu yake wa kweli ni zumari ya pwani, ingawa zumari mwili wake ni wa mti. Ulimi wa saksafoni ni kipande kifupi cha tete, bapa upande mmoja, kilichochongwa hata ncha yake ikawa nyembamba kama karatasi. Hufungwa kwa pete chini ya kipande cha kupulizia, ambacho aghalabu ni cha mpira mgumu mweusi, na pengine ni cha chuma. Mpigaji huyakalisha meno ya juu juu ya kipande hicho, mdomo wa chini huukunja kidogo juu ya meno ya chini, uwe mto wa ulimi, kisha hupuliza.

Pumzi ipitapo, ulimi hufunga na kufungua mlango wa hewa upesi sana. Katika sauti ya chini kabisa ya saksafoni iitwayo tena hufanya hivyo zaidi kidogo ya mara 100 katika sekunde moja, na sauti zikipanda hesabu huzidi kwa mamia. Lakini ulimi hauchagui sauti peke yake. Mwenye amri ni bomba. Mashimo yote yakifunikwa, hewa iliyomo ndani ni ndefu, na sauti ni nzito; yakifunguliwa moja moja kuanzia chini, bomba huwa kana kwamba limekatwa, na sauti hupanda. Mashimo ni zaidi ya ishirini, nasi tuna vidole kumi tu, na katika hivyo gumba la kulia kazi yake ni kuubeba uzito. Hiyo ndiyo sababu ya vile vijiti, kamani na vifuniko vingi vinavyomtisha mwanafunzi siku ya kwanza. Gumba la kushoto nalo lina kitufe kimoja: likikisukuma, tundu dogo hufunguka upande wa juu, na sauti ile ile huruka hata mwenziwe wa juu, kama vile sauti ya mtoto iimbavyo wimbo mmoja na sauti ya baba. Jambo hili huwa jepesi kwa sababu bomba ni la umbo la faneli, jembamba juu na pana chini.

Ziko saksafoni za ukubwa mbalimbali: soprano, alto, tena na baritoni. Bendi zetu za dansi zimetumia zaidi alto na tena. Alto ina uzito wa kilo mbili na nusu hivi, na tena kilo tatu na nusu. Nao uzito huo wote huning'inia shingoni kwa mkanda. Asimamaye nao tangu saa tatu ya usiku mpaka alfajiri hahitaji kufundishwa habari ya maumivu ya mgongo.

Wanafunzi wetu watokao ufukweni huuliza: mbona matete yamejaa kando ya Ziwa Viktoria, kwa nini ndimi ziagizwe Ulaya? Swali ni jema. Tete la saksafoni ni la aina nyingine, refu kupita nyumba, lenye ukuta mnene na mgumu. Lisifikalo zaidi ni lile la wilaya ya Var, kusini ya Ufaransa, nako hukatwa baada ya kukua kwa miaka kama miwili, likaanikwa na kukaushwa kwa muda mrefu kabla ya kuchongwa. Tete la ziwani kwetu ukuta wake ni mwembamba. Lafaa kwa uzio na mikeka, lakini ukilichonga hakuna nyama ya kutosha ya kuacha. Kwa hiyo mpigaji wa Mwanza, hata akiwa hodari namna gani, hutegemea kijiti kidogo kitokacho ng'ambo ya bahari, tena kisichodumu. Ulimi hulowa mate, huchoka, hupasuka. Apigaye kila usiku huenda akamaliza mmoja kwa majuma machache.

Mwajua jinsi ilivyokuwa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika, hata sabuni na sukari zikawa za foleni. Kama sabuni ilikuwa taabu, mfikiri ulimi wa saksafoni. Hapo ndipo wembe ulipopata kazi: mpigaji huukwangua ulimi mzito, huukata ncha ule uliolegea, hulaza kadhaa majini, huwa nazo tatu nne kwa zamu ili zipumzike. Vifuniko navyo vina pedi za sufu iliyoshindiliwa na kuvikwa ngozi nyembamba. Pedi ikikauka au kuliwa na mdudu, hewa huvuja, na sauti za chini hukataa kutoka. Kamani ikivunjika katikati ya dansi, utepe wa mpira hushika mahali pake hata asubuhi. Katika hayo hakuna la kuonea haya. Wapigaji wa Marekani nao hufanya yayo hayo.

Chombo kilifikaje huku? Kilitanguliwa na tarumbeta za askari. Bendi za jeshi, zikiwamo zile za King's African Rifles, ziliwapendeza watu, wakaziiga katika ngoma ya beni, ambayo ilianza pwani ya Kenya na kuenea bara hasa wakati wa vita ya 1914 hata 1918 na baada yake. Kisha zikaja santuri. Tangu mwaka 1933 ziliuzwa Afrika zile sahani zilizoandikwa GV, zenye muziki wa Kuba, na vijana wa miji wakazisikiliza hata wakazijua kwa moyo. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Neno jazz katika majina hayo lisiwadanganye. Maana yake ilikuwa bendi ya dansi, basi.

Wakati huo huo Marekani saksafoni ilikuwa imeuhama uwanja wa gwaride zamani, na ikawa inapata tabia mpya. Watu weusi wa miji ya kule walitaka muziki wa kuchezea uliopigwa kwa nguvu, na wakati huo gita la umeme lilikuwa bado halijashika enzi. Aliyesimama mbele akapiga peke yake, mwimbaji akipumzika, alikuwa mpiga saksafoni ya tena. Mwaka 1951 ilitoka santuri ya Rocket 88, ambayo wengi huihesabu miongoni mwa za kwanza za rock and roll. Mwimbaji wake, Jackie Brenston, mwenyewe alikuwa mpiga saksafoni. Mwaka 1955, Little Richard aliporekodi Tutti Frutti mjini New Orleans, saksafoni ya Lee Allen ndiyo iliyojibu kelele zake.

Wapigaji hawa walitafuta ukali, si utamu. Walichagua vipande vya kupulizia vyenye nafasi nyembamba ndani, aghalabu vya chuma, kwa kuwa hivi huifanya sauti iwe ya makali, ipenye katikati ya ngoma na magita. Tena walikuwa na hila ya koo: mpigaji hupuliza, na papo hapo huguna kwa sauti yake mwenyewe. Sauti ya koo na sauti ya chombo hugongana ndani ya bomba, na itokayo ni ngurumo ya fahali. Mwanafunzi aweza kuijaribu baada ya kujua kutoa sauti safi. Kabla ya hapo ataghadhibisha majirani bure.

Bwana mkubwa wa namna hii alikuwa King Curtis, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Curtis Ousley, mtu wa Fort Worth, Texas, aliyezaliwa mwaka 1934. Vipande vyake vifupi, vya kudonoa kama kuku alaye mtama, vilisikika katika wimbo wa Yakety Yak wa kundi la Coasters mwaka 1958. Alikuwa mpigaji wa kukodiwa, aliyeingia studio moja na kutoka nyingine, hata baadaye akawa kiongozi wa bendi yake na ya Aretha Franklin. Aliuawa kwa kisu mjini New York mwezi wa Agosti 1971, akiwa na miaka 37.

Twamtaja huyo kwa sababu jina lake lilivuka bahari likageuka. Katika Kongo alikuwako kijana Georges Kiamuangana, aliyezaliwa mwaka 1944, ambaye alijifunza kupuliza katika bendi ya kanisa la Wakimbangu. Alimpenda sana King Curtis, na inasemekana kwamba neno Curtis lilisikika vibaya likawa Verckys, naye akalichukua kuwa jina lake la muziki. Akaingia OK Jazz ya Franco mwaka 1963, na saksafoni yake ikaleta humo ule mnguruo wa Marekani. Mwaka 1969 akaanzisha bendi yake, Orchestre Vévé.

Lakini kilichomfanya Verckys awe mtu mkubwa si mnguruo. Ni kwamba alielewa mapema habari ya mali. Alitoa santuri kwa chapa yake mwenyewe. Akawasimamia vijana wa Bella Bella na wa Lipua-Lipua, akiwapatia vyombo. Na mjini Kinshasa akajenga jumba la muziki lililoitwa Vévé Center. Mwenye vyombo huweka masharti, na vijana wale bila shaka waliyajua masharti yake. Alifariki mwezi wa Oktoba 2022. Hatumsifu kwa kila jambo. Lakini Adolphe Sax angalimtazama Mkongo huyu kwa kijicho.

Tanzania njia ilikuwa nyingine. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha NUTA Jazz Band. Chama kilinunua vyombo, na wapigaji wakawa waajiriwa wenye mshahara. Mfano huo ulifuatwa na wengi: polisi, jeshi, vijana wa chama cha siasa, mashirika ya umma. Mlimani Park Orchestra, iliyoanza mwaka 1978, ilikuwa mali ya shirika la usafiri na teksi, kisha ikawa mali ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Mpigaji katika bendi za namna hii alikuwa na jambo ambalo King Curtis hakuwa nalo, yaani mshahara wa mwisho wa mwezi, uliokuja hata kama mvua imewazuia watu kuja dansini. Twaona si haki kulidharau jambo hili, kama wafanyavyo wengine siku hizi.

Gharama yake ilikuwa kwamba saksafoni haikuwa yake. Alipohama, aliondoka na midomo yake mitupu. Kwa hiyo mtu mwenye fedha, akitaka kuivunja bendi ya mwenziwe, hakuhitaji ugomvi. Aliagiza vyombo vipya, akaacha habari zienee. Mwaka 1985 wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park, Muhiddin Maalim miongoni mwao, walihamia Orchestra Safari Sound, iliyokuwa ya mtu binafsi. Orchestra Maquis, ambayo asili ya watu wake ilikuwa Kongo, ilishika njia ya tatu: wapigaji walijiunga kuwa kampuni, OMACO, vyombo vikawa vyao kwa shirika.

Ufundi wa mpulizaji katika dansi letu ni wa subira. Wimbo huanza polepole, hadithi ikasimuliwa. Tarumbeta na saksafoni hungoja, zikajibu maneno machache baina ya beti. Kisha wimbo hugeuka, mwendo ukakazwa, nayo sehemu hii huitwa chemko. Hapo wapulizaji husimama pamoja, wakarudia tena na tena kifungu kimoja kilichopangwa, na magita yakizunguka chini yao. Mpigaji wa rock and roll hutaka kuonekana peke yake. Wa kwetu hutakiwa apumue mahali pamoja na wenziwe watatu. Mwalimu mkubwa wa mambo haya alikuwa Michael Enoch, aliyeitwa King, mpiga gita na kiongozi wa Dar es Salaam Jazz Band, ambaye baadaye aliipuliza alto katika Mlimani Park. Wenziwe walimwita Ticha, na hilo si jina la bure.

Na watu wa Usukuma wasidhani mashindano ya bendi za Dar es Salaam ni jambo geni. Msondo na Sikinde, yaani bendi iliyokuwa ya NUTA na ile ya Mlimani, majina yao yametoka katika ngoma, na wapenzi wao wamegawanyika kama Bagika na Bagalu. Aliyeona ngoma za baada ya mavuno pale Bujora, karibu na Kisesa, makundi mawili yakicheza wakati mmoja, na mshindi akiwa ni yule aliyevuta watu wengi, ameielewa biashara yote ya dansi.

Sasa tulijibu lile swali. Mwaka jana kijana mmoja wa Igoma alitaka kuuza ng'ombe wawili aliorithi, anunue tena iliyokwisha tumika. Wajomba zake walikataa, wakisema ng'ombe huzaa na shaba haizai. Sisi hatukumwambia auze, wala hatukumwambia asiuze. Tulimwambia kwanza aazime chombo katika bendi ya kanisa au ya shule kwa miezi sita, apige kila siku sauti moja ndefu, akivuta pumzi ya tumboni, mpaka ajue kama yuaipenda kazi yenyewe ama yuapenda kuonekana nayo. Kisha, akinunua, ajue kwamba bei ya chombo si bei yote: ziko ndimi kila mwezi, na pedi kila baada ya miaka michache. Na asinunue kwa kutazama mng'aro. Aingie chumba cha giza, atie kitaa kidogo ndani ya bomba, afunge vifuniko vyote kwa upole. Penye mwanga utokao ndipo penye hewa itakayovuja. Aangalie bomba kama limepindwa, hasa shingoni. Rangi iliyobabuka haidhuru.

Na akiisha kuipata, asiiweke imefungwa ulimi wake usiku kucha, maana huota ukungu, na hewa yetu ya ziwani ina unyevu. Baada ya kupiga, ulimi utolewe, ufutwe, ulazwe juu ya kioo au ubao laini ukauke ukiwa bapa. Kitambaa chenye uzi na kijiwe kipitishwe ndani ya bomba mpaka mate yaishe. Vifuniko vikinata, visivutwe kwa ukucha. Karatasi nyembamba safi iwekwe chini ya pedi, ibanwe taratibu, itolewe. Sanduku lisiachwe juani juu ya basi la Magu, kwani pedi zimeshikwa kwa lakiri, nayo lakiri hulainika kwa joto, na mpigaji atafika dansini akiwa na vifuniko visivyokaa mahali pake.